Gari likichubuka rangi: ziba kabla ya masika

Kokoto za barabara za vumbi zipandazo Kilimanjaro huchubua rangi ya gari. Bati likibaki wazi, mvua za Machi hadi Mei huleta kutu, nayo husambaa chini ya rangi iliyobaki.

Kwanza pata namba ya rangi. Kwenye Toyota, tafuta kibati chenye herufi C/TR, mlangoni kwa dereva au ndani ya boneti: 040 ni nyeupe, 202 nyeusi. Mpe muuza rangi. Jua hupausha rangi ya zamani, hivyo tunashauri uijaribu kwenye karatasi, uilinganishe mchana.

Osha, kausha, ondoa kutu yote kwa msasa. Paka praima, kisha rangi kwa njiti ya kiberiti, matabaka membamba, kila moja likauke. Malizia kwa vanishi ya gari.