Fedha za Kigeni Katika Uwanja wa Ndege wa Mombasa

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, ulioko Port Reitz, Changamwe, ulipanuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 ili upokee ndege kubwa za watalii kutoka Ulaya.

Enzi hizo serikali ilidhibiti fedha za kigeni. Mgeni alizibadilisha kwenye benki au hoteli yenye idhini, naye Mkenya aliyetaka kuagiza bidhaa ng'ambo alihitaji kibali. Mwaka 1995 maduka binafsi ya kubadilisha fedha yaliruhusiwa, na sheria ya udhibiti ikafutwa. Tangu hapo ada kubwa hujificha katika tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza.

Mwaka 2022 Safaricom na Visa zilizindua kadi ya M-PESA ya kulipia mtandaoni, na ununuzi wa ng'ambo ukaingia katika simu. Tofauti ile ya bei ingalipo. Muuzaji wa nje akijitolea kutoza kwa shilingi, kwa kawaida huongeza faida yake katika kiwango cha kubadilisha fedha. Kulipa kwa sarafu ya muuzaji huyo huepusha nyongeza hiyo, ingawa kiwango cha mtoa kadi hubaki.