Hofu Inayotafuta Ukurasa: Hadithi Fupi ya Kutisha Baina ya Kisarawe na Kibaha

Katika kamusi sanifu ya Kiswahili na Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1939 chini ya usimamizi wa Frederick Johnson, neno mumiani limepewa maelezo marefu kuliko ilivyo ada ya kamusi. Yaanza kwa utulivu: ni dawa nyeusi mfano wa gundi, itumiwayo kwa maumivu na mifupa iliyovunjika, nayo husemwa kuwa yatoka Uajemi. Kisha maelezo yanageuka. Msomaji anaambiwa kuwa wengi husadiki kwamba dawa hiyo ni damu ya binadamu waliouawa kwa ajili yake, na kwamba uvumi wa mumiani ukishaenea mjini, watu hawatoki nje jua likishatua. Hadithi nzima ya kutisha, yenye mwanzo wake, siri yake na giza lake, ilipata nafasi ndani ya safu moja ya kamusi.

Jambo hilo ladhihirisha mashaka ya fani hii. Hadithi ya kutisha haikupata kukosa wasimuliaji katika Kiswahili. Ilichokosa ni mahali pa kuchapishwa kwa jina lake yenyewe.

Mfano wa karibu ni Uzaramo, nchi inayoizunguka Dar es Salaam na ambayo sehemu yake kubwa imo katika wilaya ya Kisarawe. Hapo pana vilima vya Pugu, msitu wa Kazimzumbwi, na mapango yaliyochimbwa kwa ajili ya udongo mweupe, ambayo baadaye yakawa makazi ya popo. Nchi ya namna hiyo haikosi masimulizi. Mizimu, mazimwi na pepo wa pwani, kama vile kinyamkera, ni watu wa nyumbani katika mazungumzo ya usiku. Msimuliaji akisema "paukwa" na wasikilizaji wakajibu "pakawa", kila mmoja ajua kuwa ameingia katika ngano, na kwamba hofu atakayoipata humo ina mlango wa kutokea.

Masimulizi ya pwani yalipoanza kuingia katika chapa, yaliingia kwa mlango wa wageni. Mwaka 1870 Edward Steere alitoa London mkusanyo wa hadithi alizozipata Unguja, na ndani yake yumo nunda mla watu, paka aliyeachwa akazidi hata akawa balaa la nchi nzima. Mwaka 1903 Carl Velten alitoa huko Ujerumani Desturi za Wasuaheli, kazi ambayo sehemu yake kubwa ni maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, yenye habari za pepo na namna wanavyotibiwa. Kazi hizo ni hazina. Hata hivyo, nunda alichapwa ili mgeni ajifunze lugha, na pepo walichapwa ili mgeni ajue mila. Aliyetaka kumtisha msomaji kwa ajili ya sanaa tu hakuwa na pa kwenda.

Ushairi ulibahatika zaidi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali mjini Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa washairi ukumbi wa kudumu. Humo Shaaban Robert alijulikana, na humo mshairi wa kijijini aliweza kujibizana na mshairi wa kisiwani asiyepata kumwona. Shairi lilikuwa na ukurasa wake, kanuni zake na wasomaji waliolingojea. Hadithi fupi ya kutisha haikupata baraza ya namna hiyo.

Nafasi ilikuja kwa njia ya mashindano. Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1948, iliendesha shindano la uandishi wa hadithi katika miaka ya 1957 na 1958, na Muhammed Said Abdulla wa Unguja akaibuka mshindi kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960. Jina lake laahidi hofu, na pahala pa mzimu ndipo maiti inapokutwa. Lakini anayeshika hatamu ni Bwana Msa, na akili yake ndiyo inayokata shauri. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo, nayo pia ni ya upelelezi. Mwandishi aliruhusiwa kuleta mzimu mlangoni maadamu mpelelezi yupo ndani. Hata Salamu Kutoka Kuzimu ya Ben Mtobwa, ya miaka ya 1980, ina jina la kuzimu na moyo wa ujasusi.

Yaweza kudhaniwa kuwa hasara hiyo ni ya waandishi peke yao. Mambo yaliyotokea yanaonyesha vingine. Mwaka 1959, huko Buguruni, upande wa Dar es Salaam unaoelekea Pugu na Kisarawe, uvumi wa mumiani ulizusha ghasia na askari polisi mmoja akauawa. Mwaka 1995, khofu ya popobawa ilipoenea Pemba na Unguja, mtu mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye. Katika visa vyote viwili hapakuwa na "paukwa". Masimulizi yalitembea kama habari, bila jina la mtungaji na bila mwisho, na kila aliyeyapokea aliyaongeza. Hadithi iliyochapwa kama hadithi ina mtu wa kuulizwa, nayo humwachia msomaji nafasi ya kutetemeka kisha akafunga kitabu, akafikiri. Uvumi haumpi nafasi hiyo.

Wasomaji nao walikuwapo. Mwaka 1963, huko Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro, ulianzishwa mradi uliogharimiwa na nchi za Nordiki, wenye shule ya sekondari, chuo cha wakulima na kituo cha afya; mwaka 1970 ukakabidhiwa kwa Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Vizazi vya vijana vilivyopita hapo vilijua kusoma na vilipenda hadithi. Lakini Ofisi ya Vitabu ilianguka pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, karatasi ikawa adimu, na mwandishi akabaki na magazeti.

Magazeti ya watu binafsi yaliyoshamiri tangu miaka ya 1990 yalikuwa na kiu ya hadithi, zikiwamo za majini na wachawi. Ila gazeti hutaka mfululizo: hadithi ikatwe pale moyo unapodunda, ili msomaji anunue toleo lijalo. Hadithi fupi inayoanza na kuisha kwa kurasa sita haiuzi gazeti la kesho. Punde hofu ikahamia katika filamu za video, kama Nsyuka ya Mussa Banzi ya mwaka 2003. Mwaka uliofuata, kutoka Nairobi, mkusanyo ulioitwa kwa jina la hadithi ya Euphrase Kezilahabi, Mayai Waziri wa Maradhi, ulionyesha fani hii iwezavyo: waziri anajiwa na mzuka wa mtoto, na hofu yake yageuka kuwa hesabu ya dhamana aliyopewa.

Milango mipya imefunguka. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell iliasisiwa mwaka 2014, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ikaanza kutolewa mwaka 2023. Zote zatafuta mswada wa kitabu. Kijana wa Kisarawe mwenye hadithi moja ya kurasa sita huirusha katika simu, ambako hupita mikono mingi na jina lake hudondoka njiani. Usiku mmoja tu watosha kwa hadithi hiyo kurudi Kisarawe ikiwa habari.

Mambo Leo ilifundisha kuwa fani hukua ikipata ukurasa wake, mhariri wake na siku yake ya kutoka. Majarida ya ushairi, ambayo kwa miaka mingi yamehifadhi maneno ya wasio na mchapishaji, yanao uwezo wa kuitengea hadithi ya kutisha kurasa chache, na juu yake kuandika jina la mtungaji.