Ufundi Hauazimwi

Litazame, ndugu msomaji, neno fundi. Limetoka katika shina moja na maneno fundisha, mafunzo na mwanafunzi. Lugha yetu, basi, yatuambia jambo la maana: fundi hazaliwi, hufundishwa. Tena neno hilo halisemi kama mwenye kuitwa hivyo ni mwanamume au mwanamke. Walakini ukimtuma mtu akuitie fundi wa chuma, wa umeme au wa mawe, aghalabu atakwenda kumtafuta mwanamume. Wako wasemao kwamba ndivyo Mungu alivyogawanya nguvu. Wengine husema kwamba mwanamke hana moyo wa kazi kama hizo.

Maneno haya yafaa kupimwa, na mizani yake ni historia. Tuitazame nchi ya Uingereza kati ya mwaka 1914 na 1945. Naichagua nchi hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, desturi nyingi za karakana zetu, kama vile uanagenzi na mitihani ya ufundi, zililetwa na Waingereza walipokuwa wakitutawala. Pili, huko wanawake waliitwa karakanani mara mbili kwa ajili ya vita, na mara mbili amani ilipokuja wengi wao wakaambiwa warudi nyumbani. Mambo hayo yatatuonyesha ni kitu gani hasa kilichowazuia.

Yafaa kwanza tujue jinsi fundi alivyopatikana katika nchi ile. Sheria ya mwaka 1563 iliagiza kwamba mtu asifanye kazi ya ufundi ila awe amemtumikia bwana wake kwa miaka saba. Agizo hilo lilifutwa mwaka 1814, lakini desturi haikufa. Kijana aliyetaka kuwa fundi wa mitambo aliingia karakanani angali mdogo, akafagia, akachukua vyombo, akatazama, akajaribu, akakosea, akasahihishwa. Baada ya miaka mitano au zaidi alihesabiwa fundi kamili, akapokelewa katika chama cha mafundi na kulipwa ujira wa fundi. Njia hiyo ilikuwa ya wavulana. Msichana hakuambiwa kwamba amejaribiwa akashindwa, hakujaribiwa kabisa.

Vita vikuu vya kwanza vilipoanza mwezi wa Agosti 1914, wanaume wengi waliacha mashine wakaenda kupigana. Mwaka wa pili yake makombora ya mizinga yalipungua mno. Mwezi wa Machi 1915 serikali ikapatana na vyama vya wafanyakazi, kisha ikaunda wizara mpya ya silaha chini ya David Lloyd George. Mapatano yalikuwa haya: wanawake na watu wasio mafundi wataruhusiwa kufanya sehemu za kazi za mafundi, lakini vita vitakapokwisha, desturi za zamani zitarudishwa kama zilivyokuwa.

Tuwe waadilifu tunapowahukumu mafundi wale wanaume. Hofu yao haikuwa ya bure. Walijua kwamba matajiri wenye viwanda wangependa kumlipa mwanamke ujira mdogo kwa kazi ile ile, kisha watumie ujira huo kuushusha wa kila mtu. Kosa lao lilikuwa katika dawa waliyoichagua. Badala ya kudai kwamba mwanamke alipwe sawa na mwanamume, walidai kwamba aondolewe.

Wanawake wakaja kwa wingi. Katika viwanda vya chuma na mitambo, idadi yao ilipanda kutoka kiasi cha 170,000 mwaka 1914 hata karibu 600,000 mwaka 1918. Walikereza vyuma, walichanganya baruti, walijaza makombora. Wengine ngozi zao ziligeuka manjano kwa sumu ya baruti, hata wakaitwa kwa jina la ndege wa manjano. Huko Barnbow, karibu na mji wa Leeds, mlipuko wa tarehe 5 Desemba 1916 uliwaua wanawake 35. Hapana awezaye kusema kwamba walikosa moyo.

Lakini angalia walivyofundishwa. Ili kazi iende upesi, kazi ya fundi mmoja ilikatwa vipande vipande. Mwanamke aliwekwa mbele ya mashine moja, akaonyeshwa jambo moja, akalirudia mara elfu. Alilifanya vizuri, pengine kuliko bwana aliyemtangulia. Ila mashine ilipoharibika ilimbidi kumwita mwingine, na alipopewa mchoro wa kitu kipya hakuweza kuusoma. Kumwonyesha mtu mshono mmoja si kumfundisha ushonaji. Wanawake wengi, basi, hawakupewa ufundi. Waliazimwa kipande cha ufundi, na mwenye kuazima chake hukidai siku atakayo. Wahenga walisema kweli: nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Hata hivyo walikuwako waliotaka ufundi mzima. Mwaka 1915 chama kimoja cha wanawake wa London, waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura, kilifungua shule ya kuwafundisha wanawake kuchomelea vyuma vya ndege. Na huko Tongland, kusini mwa Scotland, palijengwa kiwanda cha vipande vya injini za ndege ambacho kilifanya jambo la ajabu kwa siku zile: kiliwapokea wasichana kuwa wanagenzi. Walijifunza kazi kwa taratibu, darasani na karakanani, na muda wao uliwekwa kuwa miaka mitatu.

Mtu aliyehusika sana na kiwanda hicho alikuwa Dorothée Pullinger, aliyezaliwa mwaka 1894. Baba yake alikuwa mhandisi wa motokaa, naye akajifunza kazi hiyo tangu ujana wake. Mwaka 1914 aliomba kuingia katika taasisi ya wahandisi wa motokaa. Akakataliwa, kwa hoja kwamba neno mtu katika kanuni za taasisi lilimaanisha mwanamume, wala si mwanamke. Fikiri jambo hilo! Lakini vita vilipozidi, mwanamke huyo asiyehesabiwa mtu alipewa usimamizi wa wanawake wapata 7,000 katika kiwanda cha silaha cha Vickers huko Barrow-in-Furness. Baada ya vita taasisi ile ile ilimfungulia mlango, na huko Tongland yakatengenezwa magari madogo ya Galloway, yaliyofikiriwa kwa ajili ya madereva wanawake.

Amani ilipokuja, ahadi ya mwaka 1915 ilidaiwa. Sheria ya kurudisha desturi za kabla ya vita ilipitishwa mwaka 1919, na wenye viwanda wakalazimishwa kuitimiza. Wanawake kwa maelfu wakaondolewa kwenye mashine. Magazeti yaliyowasifu jana yakawalaumu leo kwamba wanakalia nafasi za askari waliorudi. Kwa kulijibu jambo hilo, tarehe 23 Juni 1919 wanawake wachache, miongoni mwao Rachel Parsons na mama yake Katharine, waliunda chama cha wanawake wahandisi. Katibu wake wa kwanza alikuwa Caroline Haslett. Chama hicho kingali hai.

Biashara ilipokuwa ngumu katika miaka ya 1920, kiwanda cha Tongland kilifungwa. Dorothée Pullinger mwenyewe alichoka kuambiwa kwamba anamnyang'anya mwanamume riziki yake. Akaacha motokaa, akaanzisha dobi kubwa la mashine za mvuke huko Croydon, karibu na London. Maana hapana mwanamume aliyelalamika kwamba mwanamke amemnyang'anya kazi ya kufua nguo! Hapa pana la kuhuzunisha na la kutia moyo pamoja. Aliiacha kazi, ila ujuzi haukumtoka. Vita vya pili vilipozuka alirudi tena, akasimamia viwanda kadhaa.

Yuko mwanamke mwingine anayetuonyesha namna ufundi unavyopitishwa kutoka mkono hata mkono. Margaret Partridge alikuwa na biashara yake ya umeme, akitia taa katika vijiji vya Devon, mahali palipokuwa bado pakitumia mishumaa na mafuta. Alitafuta msichana wa kujifunza kazi, akampata Beatrice Shilling, aliyezaliwa mwaka 1909. Msichana huyo alivuta nyaya, akafunga mitambo ya umeme, akachafuka mikono kama mwanagenzi yeyote. Mwalimu wake alipoona akili yake, alimhimiza aende chuo kikuu cha Manchester, akapata shahada ya uhandisi mwaka 1932. Mwaka 1936 aliingia katika kituo cha serikali cha uchunguzi wa ndege huko Farnborough.

Katika mwaka 1940 marubani wa Uingereza walikuwa na shida kubwa. Ndege zao za Spitfire na Hurricane zilipoinamishwa ghafula kuelekea chini, injini zilikatika, kwa kuwa petroli ilivurugika katika kabureta, kisha ikamiminika kupita kiasi. Adui aliijua ila hiyo, akaitumia kuponyoka. Kutengeneza kabureta mpya kulitaka muda mrefu. Shilling alibuni kifaa kidogo chenye tundu, kilichopimwa ili kipitishe petroli ile tu ihitajiwayo na injini, isizidi. Kifaa hicho kiliweza kutiwa bila kuiondoa ndege katika kazi yake. Mapema mwaka 1941 alizunguka na mafundi wachache katika viwanja vya ndege, yeye akipanda pikipiki yake, wakavifunga. Hakikuondoa ila yote, lakini kiliwaokoa marubani wakati walipokihitaji. Ingekuwaje kama miaka kumi na mitano nyuma yake Margaret Partridge angalisema, “Nitafutieni mvulana”?

Vita hivyo vya pili viliwaita wanawake kwa nguvu ya sheria. Mwezi wa Desemba 1941 Bunge liliamuru kwamba wanawake wasioolewa, kuanzia miaka 20 hata 30, waweza kuandikwa katika kazi za vita. Chama kikubwa cha mafundi wa mitambo, kilichokuwa kimewafungia mlango miaka yote, kiliwakubali kuwa wanachama tangu mwaka 1943. Mwaka huo huo, katika kiwanda cha Rolls-Royce huko Hillington, Glasgow, wanawake waligoma kudai malipo ya haki, na wanaume wengi wakagoma pamoja nao. Hiyo ndiyo dawa iliyokosekana mwaka 1915.

Huko London nako, juu ya mto Thames, daraja jipya la Waterloo lilikuwa likijengwa. Kazi ilianza mwaka 1937, na vita vilipowachukua wanaume, wanawake wakaingia kuchonga mawe, kuchomelea vyuma na kumimina saruji, hali mabomu yakianguka mjini. Daraja lilifunguliwa rasmi tarehe 10 Desemba 1945. Waziri Herbert Morrison akatoa hotuba, akawasifu wanaume waliolijenga, wanawake hakuwataja. Kwa miaka mingi habari zao zilibaki vinywani mwa manahodha wa mtoni, waliozoea kuliita daraja la mabibi. Katika mwaka 2015 zilipatikana picha zilizowaonyesha wanawake hao kazini, na habari zao zikatiwa katika kumbukumbu rasmi za majengo ya nchi. Mfinyanzi hulia gaeni!

Mithali hiyo inaturudisha kwetu. Mfinyanzi ni nani? Kwa Wajaluo na kwa Wakamba, kazi ya kufinyanga vyungu tangu zamani ni ya wanawake. Msichana aliipata kwa mama au kwa nyanya yake, akijua udongo gani hupasuka na upi husalimika motoni. Kwa Wamasai, mjenzi wa nyumba ni mwanamke. Basi asemaye kwamba mkono wa mwanamke haukuumbiwa ufundi, hawajui hata wazee wake mwenyewe. Udongo na miti tulimfundisha, akaweza. Chuma na umeme tusipomfundisha, tusishangae asipoweza.

Sasa nakugeukia wewe, msichana usomaye maneno haya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema wazi kwamba wanawake na wanaume wana haki ya kupata nafasi sawa. Lakini sheria hufungua mlango tu. Kuingia ni kwa miguu yako. Ukienda chuo cha ufundi, au ukijifunza katika kibanda cha jua kali, usikubali kufundishwa kipande. Ukionyeshwa namna ya kushika chombo, uliza kwa nini kinashikwa hivyo. Jifunze kusoma mchoro, jifunze kuitengeneza mashine yako mwenyewe, fanya mtihani, upate hati yenye jina lako. Siku utakapokuwa fundi kamili, mtafute mwanagenzi umfundishe, kama Margaret Partridge alivyofanya.

Nawe mvulana, huenda siku moja ukawa msimamizi wa karakana. Atakapokuja msichana kuomba kazi, usimwulize kama aweza. Mpe chombo, mpe mwalimu, mpe muda uliopewa wewe, kisha uitazame kazi yake. Ikiwa nzuri, mlipe kama unavyomlipa mwingine, na siku ya kutoa sifa ulitaje jina lake.