Namba za biashara zisizo na mji: nani hulipia simu yako?

Katika Buyenzi, namba ni anwani. Barabara za eneo hili la Bujumbura hutambulika kwa tarakimu, na mgeni akishaambiwa ni barabara ya ngapi, hahitaji kuuliza mara ya pili. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye kibao cha kampuni, kwenye stakabadhi au kwenye katoni ya vipuri ni jambo jingine. Huenda isimwambie mpigaji ofisi iko wapi, nani atapokea, wala dakika moja itamgharimu kiasi gani.

Kwa mwenye gereji anayefuatilia mzigo kutoka Dubai, au mfanyabiashara wa soko la Ruvumera anayetaka kujua kontena lake limefika wapi, jambo hilo si dogo. Salio linaweza kumalizika kabla hajazungumza na binadamu yeyote. Makala haya yanaeleza namna namba hizo zinavyofanya kazi, nani hulipa, na namna ya kuisoma namba kabla ya kuipiga.

Namba isiyo na mji ni ipi?

Zamani kila namba ya simu ilifungwa mahali. Waya ulitoka kwenye kituo cha simu cha mji na kuingia katika nyumba au ofisi moja, na tarakimu za mwanzo zilikuwa jina la mji huo. Mabaki ya utaratibu huo yapo hadi leo: 022 ni Dar es Salaam, na 02 nchini Ubelgiji ni Brussels. Burundi, ambayo msimbo wake wa kimataifa ni 257, hutumia namba za tarakimu nane, na zile za simu za mezani huanza na 22.

Namba isiyo na mji haina waya wake. Ni kama jina la kupanga: mpigaji anapoibonyeza, kompyuta ya mtandao huitafsiri na kuielekeza simu kwenye ofisi yoyote ambayo kampuni imechagua. Leo inaweza kupokelewa mji mmoja, kesho mji mwingine, na usiku ikapokelewa na mashine. Kwa kuwa haina mahali, bei yake haiwezi kufuata umbali. Hufuata mapatano kati ya kampuni inayoitumia, mtandao unaoihifadhi na mtandao wa mpigaji.

Mapatano hayo huzaa makundi makuu manne. Kuna namba za bure, ambazo kampuni hulipa gharama yote. Kuna namba za bei ya kawaida, ambazo mpigaji hulipa kama anavyolipa kwa simu nyingine yoyote. Kuna namba za bei ya juu, ambazo sehemu ya fedha ya mpigaji huenda kwa kampuni yenyewe. Na kuna namba fupi za tarakimu tatu au nne, ambazo bei yake hutegemea aliyezitoa.

Wazo la namba ya bure linalojulikana duniani leo lilianza Marekani mwaka 1967, kampuni ya AT&T ilipoanzisha namba za 800. Ufaransa ilifuata mwaka 1983 na kuiita huduma hiyo namba ya kijani, jina lililoenea katika nchi nyingi zinazotumia Kifaransa, Burundi ikiwemo. Kwa hiyo, ukiona tangazo mjini Bujumbura likitaja namba ya kijani, halizungumzii rangi. Linasema kwamba aliyeweka tangazo ndiye atakayelipa.

Bujumbura: bei hufuata mtandao

Katika mji ambao wengi hutumia simu za mkononi, swali la mji wa namba limepoteza uzito. Swali lililobaki ni la mtandao. Mteja wa Lumitel anayempigia mteja wa Lumitel, au wa Econet Leo anayempigia mwenzake, kwa kawaida hupata nafuu kuliko anayevuka kwenda mtandao mwingine. Vifurushi vingi vya dakika pia huhesabika ndani ya mtandao mmoja tu, na mwenye kifurushi anaweza kushangaa kuona salio lake la fedha likikatwa ilhali dakika zake bado zipo.

Ndiyo maana wafanyabiashara wengi huandika namba mbili au tatu kwenye kibao kimoja. Hizo si ofisi tatu. Ni mlango mmoja wenye njia tatu, na mteja anaombwa achague njia iliyo rahisi kwake.

Namba fupi zinahitaji uangalifu zaidi. Namba ya huduma kwa wateja ya mtandao fulani kwa kawaida hupatikana ndani ya mtandao huo tu. Ukiipiga kutoka mtandao mwingine, huenda isiite kabisa, au ikaita mahali pengine, kwa kuwa kila mtandao unaweza kuwa na namba fupi zake. Namba za dharura na za misaada ni suala tofauti. Namba 116, kwa mfano, hutumika Tanzania, Kenya na Uganda kama simu ya bure ya kuwasaidia watoto.

Saa huanza kuhesabu lini?

Watu wengi huamini kwamba malipo huanza pale mhudumu anaposema “halo”. Sivyo. Malipo huanza pale simu inapopokelewa, na mashine ni mpokeaji kama mpokeaji mwingine. Sauti iliyorekodiwa inayokutaka ubonyeze moja kwa Kifaransa na mbili kwa Kirundi tayari imepokea simu yako. Muziki unaofuata pia ni muda wa maongezi, ingawa hakuna anayeongea.

Tuchukue hesabu ya mfano tu, isiyo bei ya mtandao wowote: dakika moja ni faranga 100. Mpigaji akisubiri dakika 12 na kuhudumiwa kwa dakika 3, amelipa faranga 1,500, na faranga 1,200 kati ya hizo zimenunua muziki. Salio likikatika katika dakika ya kumi na moja, fedha imekwenda na swali limebaki. Akipiga tena, atawekwa mwisho wa foleni.

Hapa ndipo mzigo unapomwelemea mwenye kipato kidogo. Mwenye mkataba wa mwezi hupiga bila kuhesabu. Anayenunua salio la siku kwa siku hulipa kila sekunde ya ucheleweshaji wa kampuni nyingine.

Namba ya bure haivuki mpaka

Kosa linalogharimu zaidi ni kudhani kwamba 800 au 0800 ni bure popote. Kampuni inapojisajili kwa namba ya bure, hukubali kulipia simu za nchi moja. Umoja wa Falme za Kiarabu una namba za bure zinazoanza na 800, na nyingine za 600 ambazo mpigaji hulipia. Tanzania na Kenya zina 0800. Ukiwa Bujumbura, ukibonyeza 00, msimbo wa nchi, kisha namba hiyo, moja kati ya mambo mawili hutokea: simu haiungani, au inaungana na unakatwa bei kamili ya simu ya kimataifa. Neno “bure” lililo kwenye katoni halikuandikiwa mnunuzi wa Buyenzi.

Ipo namba ya bure ya kimataifa iliyowekwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu. Huanza na +800 bila msimbo wa nchi, na hufuatwa na tarakimu nane. Hata hiyo hufanya kazi pale tu ambapo mtandao wa mpigaji umekubali kuiunganisha. Ndugu yake, +979, ni kinyume chake: ni namba ya kimataifa ya bei ya juu.

Jirani pia wana utaratibu wao. Kenya, Uganda na Tanzania hupigiana kwa misimbo mifupi ya 005, 006 na 007. Burundi haimo katika mpango huo. Namba ya wakala wa Dar es Salaam iliyoandikwa kwa ajili ya mteja wa Nairobi, ikianza na 007, itabidi mpigaji wa Bujumbura aigeuze ianze na 00255.

Ukiwapigia walio Ulaya, au wakikupigia kutoka huko

Familia nyingi za Bujumbura zina ndugu Ubelgiji, Ufaransa au Uingereza, na mara nyingi ndugu hao ndio huombwa kupiga simu kwa shirika la ndege au kampuni ya usafirishaji. Nao wanapaswa kuisoma namba.

Nchini Ufaransa, tangu tarehe 1 Oktoba 2015, namba za biashara zimegawanywa kwa rangi tatu. Kijani ni bure. Kijivu ni bei ya simu ya kawaida bila nyongeza. Zambarau ina malipo ya ziada. Nchini Ubelgiji, 0800 ni bure, 078 hulipiwa kama namba ya kawaida, 070 inaweza kufikia senti 30 za euro kwa dakika, na namba za 090 hupanda zaidi.

Uingereza ilibadilisha utaratibu wake tarehe 1 Julai 2015. Namba za 0800 na 0808 zikawa bure hata kwa simu za mkononi. Namba za 03 hulipiwa kama simu ya kawaida. Zile za 084 na 087 hulipiwa mara mbili: ada ya mtandao wa mpigaji, na ada ya huduma ambayo kwa 084 hufika peni 7 kwa dakika na kwa 087 peni 13. Dakika kumi za 087 zinaweza kugharimu pauni 1.30 kabla mtandao haujadai chake.

Sheria za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika tarehe 13 Juni 2014 zinataka mteja anayepiga simu kuhusu mkataba aliokwisha kuuingia asitozwe zaidi ya bei ya kawaida. Msingi wake ni rahisi kuuelewa: mtu akishanunua bidhaa, lalamiko lake halipaswi kuwa bidhaa ya pili ya kuuziwa.

Simu iliyoita mara moja

Baadhi ya matapeli hutumia namba za bei ya juu kama mtego. Simu yako huita mara moja kutoka nchi usiyoijua, kisha hukatika. Ukipiga tena, unapokelewa na sauti inayokuchelewesha kwa makusudi huku salio likiteketea. Mbinu hii hujulikana kwa jina la Kijapani, wangiri, yaani kuita mara moja na kukata. Katika eneo ambalo kubipu ni desturi ya kuomba kupigiwa, mtego huu hunasa kwa urahisi. Usipige namba ya nje usiyoitambua. Mwenye shida na wewe atatuma ujumbe.

Kabla ya kubonyeza

Tazama tarakimu za mwanzo na ujiulize kama ni za mtandao wako, za mtandao mwingine, au za nchi nyingine. Ikiwa ni namba ya bure ya nje, itafute namba ya kawaida ya ofisi hiyo, yenye msimbo wa nchi na mji. Uliza kama kampuni imejisajili katika WhatsApp, kwa kuwa hapo utatumia intaneti badala ya dakika. Andaa namba ya stakabadhi au ya mzigo mapema. Angalia salio kabla na baada ya simu, uandike tofauti, saa uliyopiga na namba uliyoipiga.

Ukikatwa kiasi usichokielewa, anza kwa kulalamika katika duka la mtandao wako ukiwa na maandishi hayo mkononi. Usiporidhika, nchini Burundi mamlaka inayosimamia kampuni za simu ni wakala wa udhibiti wa mawasiliano, ARCT. Lalamiko lenye namba, tarehe na kiasi hujibika. Lalamiko lisilo na hivyo hubaki neno la mteja dhidi ya kompyuta.