Nyumbu, nguchiro na ukubwa wa mapafu

Mwanzoni mwa karne ya 20 mabingwa wa Ulaya walibishana kuhusu pumzi. Christian Bohr wa Copenhagen alishikilia kuwa mapafu yenyewe huisukuma oksijeni hadi kwenye damu. Mwaka 1910 August Krogh, aliyekuwa mwanafunzi wake, pamoja na mkewe Marie, wakaonyesha kwamba oksijeni hupenya tu, kutoka ilikojaa kwenye vifuko vya hewa hadi kwenye damu iliyopungukiwa. Kabonidioksaidi hupita papo hapo ikitoka. Utando unaotenganisha hewa na damu haufiki unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita.

Likabaki swali lililonivutia zaidi: je, mapafu yanatosheleza haja tu, au yana akiba? Jibu lilitafutwa Nairobi. C. Richard Taylor wa Harvard alikuwa amefanya utafiti Muguga, karibu na Nairobi, tangu miaka ya 1960. Miaka ya 1970 yeye na Ewald Weibel wa Bern waliungana na Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanyama, tangu nguchiro mdogo hadi nyumbu, pofu na ng'ombe wa zebu, walifunzwa kukimbia kwenye mashine hadi ukomo wa nguvu zao, huku oksijeni wanayoitumia ikipimwa. Kisha mapafu yalikatwa vipande vyembamba na kupimwa kwa hadubini ya elektroni: eneo la vifuko, unene wa utando, wingi wa damu. Ni kazi ya kuchosha macho, na Mwangi, mwenzake Maloiy, ni miongoni mwa walioifanya.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1981. Mnyama akimzidi mwenzake uzito mara 10, uwezo wa mapafu kupitisha oksijeni huongezeka karibu mara 10 pia. Lakini oksijeni anayoihitaji akikimbia huongezeka kama mara sita na nusu tu. Kwa hiyo wanyama wakubwa wana akiba.

Majina ya Maloiy na Mwangi yanastahili kutajwa darasani kando ya lile la Krogh. Vilevile la John Maina, aliyefundisha anatomia ya wanyama katika chuo hicho hicho. Mwaka 1982 yeye na A. S. King wa Liverpool walichapisha vipimo vya utando unaotenganisha hewa na damu katika mapafu ya ndege: ni mwembamba kuliko wa mamalia.