Nyumba Iliyopotea: Kutoka Bao Hadi Simu

Nokia ilipotoa simu ya 3310 mwaka 2000, ndani yake mlikuwemo mchezo uitwao Bantumi. Tuliokuwa tukisafiri kutoka Mombasa kwenda Voi, tukiivuka nyika ya Taru kwenye jua la adhuhuri, tuliucheza mpaka vidole vikafa ganzi. Mashimo sita kwangu, sita kwa mpinzani, na kila mmoja na ghala lake. Siku moja mzee wa Kiduruma aliyekaa kando yangu alichungulia kioo, akaujua papo hapo: bao hilo. Kisha akaniuliza nyumba iko wapi.

Sikuwa na jibu. Baadaye nilijifunza kwamba Bantumi ni Kalah, mchezo ambao Mmarekani William Julius Champion alipata hataza yake mwaka 1955. Kalah ni wa ukoo mmoja na bao, lakini kanuni zake ni chache, ndiyo maana wataalamu wa kompyuta wa Marekani waliuundia programu tangu miaka ya 1960.

Bao la Kiswahili ni jambo jingine. Lina safu nne za mashimo manane na kete 64, aghalabu za komwe. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Hatua ya kwanza ni namua: kila zamu unaingiza kete moja. Zikiisha mkononi, mnaingia hatua ya pili, mtaji. Na ile nyumba aliyoiulizia mzee ni shimo la mraba katika safu ya mbele, lenye kete sita tangu mwanzo. Wakati wa namua, ukiwa unakula kete za mpinzani, mkono wako, yaani kete unazozisambaza shimo kwa shimo, ukaishia humo, uamuzi ni wako: ulale, zamu iishe na akiba ibaki, au usafiri na kete zake zote. Ukisafiri, nyumba imevunjika, hairudi tena. Mbunifu wa gemu anaweza kuhangaika miaka asipate uamuzi mzito kama huo, nao umo katika shimo moja tu la ubao.

Muyaka bin Haji wa Mombasa aliutungia mchezo huu shairi katika karne ya 19. Mwaka 2002 Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk, watafiti wa Maastricht, Uholanzi, waliandika juu ya kuifundisha kompyuta bao. Si kazi nyepesi: mkono mmoja waweza kuzunguka ubao mara nyingi kabla ya kulala, na kuna mikono isiyolala kabisa.

Wakenya nao wameanza kubuni gemu zao. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, na mwaka 2009 akaanzisha kampuni ya gemu ya Leti Arts pamoja na Eyram Tawia wa Ghana. Kisha ikaja Ma3Racer, gemu ya dereva wa matatu anayekwepa watembea kwa miguu. Mwaka 2015 Andrew Kaggia akatoa Nairobi X. Kazi hizi nazipenda, maana zilifanywa kwa fedha kidogo na ujasiri mwingi. Ila Pwani, penye mchezo uliosukwa kwa ustadi kuliko yote niijuayo, bado haijapewa nafasi yake.

Kwa hiyo nawaomba vijana wa Kinango na Msambweni, huko huko Pwani, wanaojifunza kuunda programu: kabla ya kuwasha kompyuta, nendeni barazani Gazi au Vanga, mkae na wazee, mshike kete 22 mkononi, mfundishwe kunamua.