Harambee: mwito wa makuli uliopanda jukwaani

Kushua jahazi hakutaki nguvu nyingi kama kunavyotaka nguvu za wakati mmoja. Watu thelathini wakisukuma kila mtu kwa wakati wake, chombo hakisogei hata shubiri. Wakisukuma kwa pumzi moja, kinateleza hadi majini. Ndiyo sababu kazi nzito za Pwani, iwe ni kupandisha tanga, kuvuta jarife au kuinua gogo, zikawa na mtu wa kuita na kundi la kuitikia. Harambee ni neno la ukoo huo. Lilitumika kupatanisha misuli, na aliyelipaza alikuwa naye ameshika kamba.

Hilo la kushika kamba tulibebe tunapoendelea, maana historia yote ya neno hili tangu 1963 ni historia ya mpaza sauti kuiachilia kamba kidogo kidogo.

Asili yenyewe ina mabishano ambayo hayajaisha. Wapo wanaosema neno lilitokana na "halambee" ya wachukuzi wa Pwani, na r ikashika nafasi ya l kama inavyotokea kila siku katika lugha zetu za Kibantu. Wapo wanaolipeleka kwa wafanyakazi wa Kihindi walioletwa kujenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896. Walizidi 30,000, na reli ilipofika Ziwa Viktoria Desemba 1901 maelfu yao walikuwa wamekwisha kufa au kulemaa. Inasimuliwa kwamba walipoinua vyuma waliita "Har Har Ambe", wakimtukuza mungu wa kike wa Kihindu, na Waafrika waliofanya kazi nao wakalidaka. Simulizi hii ndiyo inayowafanya baadhi ya Wakristo nchini Kenya watake neno liondolewe katika nembo ya taifa, wakisema ni ibada ya mungu mgeni iliyojificha ndani ya mwito wa kazi.

Mimi simulizi ya reli inanipa shaka. Wengi wa makuli wale walitoka Punjab, na miongoni mwao Waislamu na Masingasinga walikuwa wengi. Sioni jinsi kundi kama hilo lingekubali kumwitikia Ambe kutwa nzima. Tena, kufanana kwa sauti ni ushahidi mwepesi sana katika mambo ya lugha. Ule mkokoto wa "-ee" mwishoni hauhitaji kusafiri kutoka Bara Hindi. Ni mlio wa mtu anayetoa pumzi huku anavuta, na umejaa katika miito yetu, kuanzia "hoyee" ya mikutanoni hadi "haya ee" ya ngomani. Lakini hata ikithibitika kwamba reli ndiyo mama, jambo moja halibadiliki: pande zote mbili zinakubali kwamba neno lilizaliwa kwenye kazi ya jasho, miongoni mwa watu waliolipwa kidogo na kuhesabiwa kidogo.

Kutoka hapo lilifikaje Ikulu? Tarehe 1 Juni 1963, siku Kenya ilipopata Madaraka, Waziri Mkuu Jomo Kenyatta aliwaita wananchi kwa neno hilo. Alilihitaji. Kaulimbiu ya Uhuru ilikuwa inakaribia kutimia, na kaulimbiu iliyotimia haina tena la kuwatuma watu. Nchi ilikuwa imetoka kwenye uchaguzi mkali kati ya vyama vya KANU na KADU, majimbo yanabishaniwa, kila jamii ikimtazama jirani kwa jicho la pembeni. Wakikuyu walikuwa na ngwatio, Wakamba mwethya, Wajaluo saga. Kila kabila lilikuwa na jina lake la kusaidiana shambani. Kuchukua moja kati ya hayo kungekuwa kuwakera wengine wote. Harambee haikuwa mali ya kabila lolote. Ilikuwa ya bandarini na njiani, mahali ambapo watu wa makabila yote walikutana wakiwa wamebeba mizigo.

Hotuba zake za miaka ile zilikusanywa katika kitabu kilichotoka 1964, na jina lake likawa neno hilo hilo. Likaandikwa chini ya ngao na simba wawili katika nembo ya taifa. Barabara yenye ofisi kubwa za serikali jijini Nairobi ikaitwa Harambee, na timu ya taifa ya kandanda ikawa Harambee Stars. Kenyatta alilipaza kwa kulivuta, usinga mkononi, na umati ukaitikia. Kwa kweli mtindo ulikuwa ule ule wa wavuta kamba, ila safari hii kamba yenyewe haikuonekana.

Sarufi inaonyesha kilichotokea. Harambee haijawahi kuwa kitenzi. Hakuna aliyewahi kusema "nimeharambee". Ulikuwa mwito mtupu. Baada ya uhuru ukageuka nomino: tunaitisha harambee, tunahudhuria harambee, tunaahirisha harambee ya Jumamosi. Kilichokuwa pumzi ya kuvutia kikawa hafla yenye tarehe, hema na kipaza sauti.

Tusiharakishe kuikejeli hafla hiyo, kwa sababu mwanzoni ilifanya makubwa. Serikali ya ukoloni iliacha shule za sekondari chache mno kwa Waafrika, na wazazi hawakungoja mipango ya wizara. Walikata miti, walifyatua matofali, akina mama walibeba maji na mchanga, na asiyekuwa na senti alitoa siku zake. Kufikia miaka ya 1970 sekondari za harambee zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Nyingi zilikuwa duni, tukubali hivyo. Walimu hawakuwa na mafunzo, maabara hazikuwapo, na karo ilikuwa juu kuliko ya shule za serikali zenye kila kitu, yaani maskini alilipa zaidi kwa kilicho kibovu. Hata hivyo mtoto aliyekosa nafasi katika shule za serikali kama Alliance au Mang'u alikuwa na mahali pa kuketi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mikoa ikaanza kushindana kwa vyuo. Wakulima wa kahawa wa Nyeri walichangia Kimathi Institute of Technology, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Magharibi kulikuwa na chuo cha WECO, Kakamega, kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Hivyo si vyuo vya kuchezewa.

Wasomi Philip Mbithi na Rasmus Rasmusson waliandika kitabu kizima kuhusu jitihada hizo mwaka 1977. Wakati huo bado ungeweza kuieleza harambee kwa kuhesabu siku za kazi za wanakijiji.

Mambo yaligeuka pale fedha ilipoanza kupita jasho kwa thamani. Siku ya kazi ya mjane haitangazwi kwenye kipaza sauti, lakini bahasha ya waziri hutangazwa, hupigiwa vigelegele na kuandikwa gazetini. Mgeni wa heshima akawa kiini cha shughuli. Wakati wa Rais Daniel arap Moi, machifu walipewa viwango vya kukusanya, watumishi wa umma wakakatwa mishahara, na vijijini watu wakasimulia jinsi kuku na mbuzi walivyochukuliwa kwa jina la kujitolea. Sijui neno gani lingine linaloweza kustahimili ukinzani huo: kujitolea kwa lazima. Mwaka 2001 tawi la Kenya la Transparency International lilichapisha utafiti uliopitia habari za magazeti, ukaonyesha kuwa michango ya wanasiasa huvimba kadiri uchaguzi unavyokaribia. Wapiga kura hawakuhitaji kuambiwa.

Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilikataza ofisi za serikali kutumiwa kuitishia michango, na vyeo kutumiwa kuwashinikiza watu watoe. Ilisomwa, ikawekwa kabatini. Julai 2024, baada ya vijana kujaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha na kuuliza mamilioni ya wanasiasa yanatoka wapi, Rais William Ruto alitangaza kuwapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Novemba mwaka huo huo Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likakataa mchango ambao Rais mwenyewe alikuwa ameutoa katika parokia moja ya jiji.

Ng'ambo neno limeishi maisha matulivu zaidi. Wamarekani Weusi wanaoadhimisha Kwanzaa, sikukuu iliyoasisiwa na Maulana Karenga mwaka 1966, hulipaza mara saba kwa pamoja, na mjini Milwaukee kuna mtaa mzima unaoitwa Harambee. Huko halikuwahi kukutana na chifu.

Nyumbani, kuchangiana hakujafa. Kumehamia kwenye simu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, bili ya hospitali, mazishi na karo huchangwa katika makundi ya WhatsApp, kila shilingi ikiwa na jina na saa yake, wala hakuna anayehitaji hema. Kwa hiyo sikubaliani na wanaodai kwamba harambee imeoza na itupwe. Kilichooza ni ile meza ya mbele ya wageni wa heshima. Kama mtaa wako unajenga darasa mwaka huu, bandikeni hesabu mlangoni kabla ya kumwalika yeyote. Na mheshimiwa akija, msimpe kipaza sauti; mpeni karai la mchanga.